Tunalilia magari ya waya, viwanja tumeviuza

KUMEZUKA maombolezo miongoni mwa watu wazima wa nchi hii, nayo yanazidi kushika kasi. Utayasikia katika vipindi vya redio vya asubuhi, utayakuta barazani baada ya sala ya alasiri, na utatumiwa picha zake katika simu hata bila ya kuziomba: gari la waya lenye magurudumu ya ndara, mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba ya katani, tiara iliyoundwa kwa gazeti la jana, gololi tatu katika kiganja chenye vumbi. Chini ya picha hizo hufuata maneno ya majigambo, kwamba aliyevijua vitu hivi ndiye aliyekuwa na utoto wa kweli, na kwamba mtoto wa leo, aliyekiinamia kioo cha simu, hatakuwa na cha kukumbuka.

Kuukumbuka utoto si kosa. Lakini kumbukumbu inapogeuka kuwa hukumu, yafaa ichunguzwe kama hukumu nyingine yoyote. Ni nani aliyeshitakiwa, kwa kosa gani, na ni nani hasa aliyelitenda? Nitalijadili jambo hili nikiutazama mtaa wa Kongowea, upande wa bara ya kaskazini ya Mombasa, maana mambo yote yanayohusika yamekutana pale mahali pamoja: soko, shule, nyumba za kupangisha zilizosongamana, na ng'ambo ya barabara tu, mtaa wa Nyali wenye nyua za maua.

Miaka inayoliliwa zaidi ni ile ya 1980 na michache iliyofuata. Hilo si jambo la sadfa. Wakati ule serikali ilikuwa ingali ikidhibiti fedha za kigeni na kutoa leseni kwa kila aliyetaka kuagiza bidhaa kutoka ng'ambo, na ni dhahiri kwamba vitu vya watoto kuchezea havikuwa mbele katika foleni hiyo. Vilivyofika madukani vilikuwa ghali. Mtoto wa Nyali aliweza kuletewa gari la plastiki lililosafiri kwa ndege. Mtoto wa Kongowea aliliona kupitia upenyo wa ua, akarudi kwao akaliunda la kwake. Vizuizi hivyo vilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leseni za uagizaji kufutwa mwaka 1993, mlango ukafunguka. Zikaingia plastiki kutoka China na marobota ya mitumba kutoka Ulaya na Marekani. Leo mtu akizunguka katika soko la Kongowea, baina ya viazi na nguo kuukuu, hakosi kumwona mwanasesere aliyekwisha kuchezewa nchi nyingine, pengine amekosa jicho moja, akiuzwa kwa bei ambayo hata mama muuza mahamri anaimudu.

Kwa hiyo gari la waya lilikuwa mwana wa uhaba. Wanaolisimulia kana kwamba lilitokana na uadilifu wa watoto wa zama zile wanasahau kwamba wengi wa watoto hao wangalilitupa siku ileile ambayo wangalipewa la plastiki. Nasema hivi si kwa kulidharau. Nasema ili tujue tunachokililia, kwa sababu nina hakika kwamba si gari.

Hebu tulitazame lenyewe, maana wengi wanaolisifu wamekwisha kusahau lilivyoundwa. Kwanza palihitajika waya, nao haukununuliwa. Ulitafutwa penye nyumba inayojengwa, ukatolewa katika henga ya nguo, ama ukakatwa katika ua wa mtu, jambo ambalo maombolezo haya hayalitaji. Waya mnene ulinyooshwa kwa kugongwa jiwe juu ya jiwe, kisha ukapindwa kufuata umbo la bodi. Waya mwembamba, aghalabu wa shaba uliochunwa kutoka nyaya za umeme zilizotupwa, ulifungia viungo. Magurudumu yalikatwa kutoka ndara iliyochakaa, ama yakawa ni vifuniko vya makopo ya mafuta ya kupikia na ya rangi ya viatu. Kisha likaja jambo gumu kuliko yote, nalo ni usukani: waya mrefu uliopanda kutoka ekseli ya mbele hadi mikononi mwa dereva aliyesimama wima, na ambao sharti uyageuze magurudumu ya mbele pasipo kuikunja ekseli yenyewe. Mtoto wa miaka tisa aliyelitatua tatizo hilo alikuwa amefanya kazi ya mhandisi kabla hajalijua jina la kazi hiyo. Wala hakulitatua peke yake. Palikuwa na mkubwa wake aliyekwisha kuharibu magari matatu, palikuwa na jirani mwenye koleo la baba yake, na palikuwa na wadogo waliotumwa kutafuta ndara na kurudi na za watu wengine zikiwa bado nzima.

Kuhusu ndara hizo, kuna kisa kutoka kaskazini ya mbali ya Pwani yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika hifadhi ya bahari ya Kiunga karibu na mpaka wa Somalia, mhifadhi wa bahari Julie Church aliwaona watoto wakiziokota ndara zilizoletwa na maji na kuziunda vitu vya kuchezea. Kutokana na jambo hilo kukaanzishwa kazi iliyokuja kuwa Ocean Sole, ambayo huzigeuza ndara kuwa sanamu za twiga na ndovu na kuziuza hadi nchi za nje. Baadaye, mwaka 2018, mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda wakaishusha majini jahazi ya Flipflopi, iliyoundwa kwa plastiki zilizookotwa na kupambwa kwa ndara zipatazo 30,000. Mwanzoni mwa 2019 ikasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Watu wa mataifa mengi waliishangilia jahazi hiyo, nayo inastahili kushangiliwa. Walakini yafaa ikumbukwe kwamba watoto wa ufukweni walikuwa wakifanya uhunzi huo wa ndara tangu zamani bila ya kupigwa picha.

Wenzetu wa Marekani na Ulaya nao wanaulilia utoto wao, ila kwao kilio hicho kina jina la kampuni. Anayekumbuka humkumbuka Barbie, aliyeingia madukani mwaka 1959, ama matofali ya plastiki ya LEGO, yaliyoombewa hataza nchini Denmark mwaka 1958. Kampuni zinalijua hilo vyema, hivyo huvitoa upya vile vya zamani, katika maboksi ya zamani, na kumuuzia baba kile alichokichezea alipokuwa mwana. Kwetu hakuna wa kutuuzia. Magari ya waya yanauzwa, naam, katika maduka ya watalii, yamenyooka na kupakwa rangi, lakini sijamwona mtu wa Kongowea akilinunua moja kwa ajili ya mwanawe. Moyoni anajua kwamba gari lililokwisha kuundwa na mtu mwingine halina alichokuwa akikitafuta.

Hapa ndipo taaluma yangu inaponilazimisha kusema. Watoto wawili wanaounda kitu pamoja hawawezi kunyamaza. Lazima wavipe vitu majina, waelezane hatua, wabashiri matokeo na walaumiane. “Ukiukaza waya huu, gurudumu halitazunguka.” “Ungaliikata ndara kwa wembe, isingalipasuka.” Walimu wenzangu watakuwa wamekwisha kuyatambua masharti ya -ki- na -ngali-, ambayo sisi huyafundisha kwa majedwali ubaoni, na ambayo mwanafunzi huyakosea katika mtihani baada ya miaka kumi na miwili ya masomo. Mtoto wa kiwanjani aliyatumia kwa sababu alikuwa na haja nayo.

Na katika gololi mambo yalikuwa makubwa zaidi. Kabla ya gololi ya kwanza kurushwa lilifanyika bunge zima: nani ataanza, mstari upo wapi, iliyogonga mguu wa mtazamaji ihesabiwe ama irudiwe, na aliyefilisika akopeshwe kwa masharti gani. Kila shauri lilikuwa na mtetezi na mpinzani, na hapakuwa na mtu mzima wa kukata kesi. Isitoshe, mtaa kama Kongowea ni wa watu waliotoka kila mahali. Mna Waswahili wa Mombasa, mna Wamijikenda wa makabila mbalimbali, Wataita, Wakamba, Waluo na wengineo. Aliyeiita gololi, aliyeiita banta na aliyeiita bano, wote walilazimika kuafikiana kabla ya jua kutua. Watu hufikiri kwamba Kiswahili kiliwaunganisha watoto hawa kwa sababu kilifundishwa shuleni. Kwa maoni yangu, shule ilikuja kuweka muhuri juu ya kazi iliyokwisha kufanywa mchangani.

Angalia sasa yaliyoyapata maneno. Wanafunzi wengi wa leo wanalijua neno “pia” kwa maana ya “vilevile” tu. Wakisikia “pia ya goti” huidhani kuwa istilahi ya madaktari, ilhali mfupa huo umefananishwa na kile kijiti kilichochongwa na kuzungushwa kwa uzi, ambacho mvulana yeyote wa zamani alikijua. Neno “bandia” leo ni la polisi na la benki: noti bandia, dawa bandia, vyeti bandia. Lakini mtoto wa bandia alikuwa ni yule wa matambara, aliyebebwa mgongoni na msichana mdogo akiiga alivyobebwa mwenyewe, na hapakuwa na udanganyifu wowote ndani yake. Fungua kamusi kubwa utayakuta majina mengine, jugwe, tinge, nage, mdako, kila moja na maelezo yake mafupi kama maandishi juu ya kaburi. Kijungujiko kinaendelea kuishi, ila kwa maana ya kazi duni ya kujipatia mlo. Ule mchezo wa kupikapika kwa vifuu na mchanga umeanza kusahaulika hata na wanaolitumia neno kila siku.

Nimewataja wasichana, na hapo pana kasoro kubwa ya maombolezo haya. Tazama picha zinazosambazwa: gari, manati, mpira, tiara. Karibu zote ni za wavulana. Ni kwa sababu mvulana aliweza kutoka baada ya chakula cha mchana na kurudi magharibi, lakini dada yake alikuwa na maji ya kuteka, vyombo vya kuosha na mdogo wake wa kumbeba kiunoni. Alicheza alipopata mwanya, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni, naye akawa hodari wa kuruka blada ya mpira wa baiskeli na wa kudaka vijiwe kwa sababu michezo hiyo ilifanyika karibu na mlango, aweze kuitwa. Mwanasesere wake wa gunzi la hindi alikuwa ni mazoezi ya kazi aliyokuwa nayo tayari. Anayetaka kuturudisha katika miaka ile na aseme kwanza kama anaturudisha sote.

Wala si haki kuficha madhara. Waya wenye kutu ulichoma vidole, na pepopunda haikuwa hadithi. Manati yaliwaua ndege wasio na hatia huku kunguru wa Mombasa wakiendelea kushamiri bila ya wasiwasi. Na kuna vilivyokwenda kwa sababu nzuri kabisa: tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, kwa adhabu iwezayo kufika faini ya shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne. Mpira wa makaratasi, ambao licha ya jina lake uliundwa kwa nailoni hizohizo, umepoteza malighafi yake kwa amri ya serikali. Kasa wa baharini hawana malalamiko, nami sina.

Lakini mpira haukufa kwa amri ile. Ulikwisha kufa, kwa kuwa hapakuwa na pa kuuchezea. Wakati wa hesabu ya watu ya mwaka 1979 Mombasa ilikuwa na wakazi 341,148. Katika hesabu ya 2019 ilikuwa na wakazi 1,208,333. Ardhi haikuongezeka hata pima moja. Upande wa bara, kule Kisauni, Likoni na Changamwe, ndiko watu wengi walikomiminikia, na kila penye uwazi baina ya nyumba mbili pakasimama nyumba ya tatu. Kodi ya chumba ni pesa. Mchanga mtupu wenye watoto wanaopiga kelele si pesa. Hesabu hiyo ilifanywa na watu wazima, wengi wao wakiwa wale wale wanaotutumia picha za magari ya waya.

Nyumba zina udhuru, kwa sababu watu lazima walale mahali. Viwanja vya shule havina udhuru huo. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma, ya shule ikiwamo, ilivyogawanywa kinyume cha sheria katika nchi nzima. Na ikiwa kuna anayedhani ni mambo yaliyopita, akumbuke Jumatatu ya tarehe 19 Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata jijini Nairobi waliporudi shuleni wakakuta ukuta umezunguka kiwanja chao cha kuchezea. Walipoandamana kuuangusha, polisi waliwarushia mabomu ya kutoa machozi. Watoto hao hawakuwa wameinamia simu. Walikuwa wakidai pa kuchezea, nasi tukawajibu kwa moshi.

Sheria haina upungufu. Kenya iliuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, nao unaitambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Sheria ya Watoto ya 2001 iliitaja haki hiyo, na ile ya 2022 iliyochukua nafasi yake ikaikariri. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza masomo ya ziada wakati wa likizo, maana pamoja na uwanja tuliwanyang'anya watoto wakati. Kila mzazi ajiulize kama mwanawe, katika wiki iliyopita, alipata saa mbili mfululizo ambazo hapana mtu mzima aliyezipangia kazi. Mtoto asiye na uwanja, asiye na wakati, na ambaye mama yake anaogopa kumwachilia nje kwa ajili ya bodaboda, akiishika simu ameshika kile pekee tulichomwachia. Kumcheka ni dhuluma juu ya dhuluma.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka 2019, umejaribu kurudisha uundaji. Mwanafunzi hutakiwa kutengeneza vitu vya kuchezea kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira yake. Nia ni njema, na wenye umri wangu watakumbuka kwamba mfumo wa 8-4-4 nao, ulipoanzishwa mwaka 1985, ulikuja na sanaa na ufundi, tukapeleka shuleni miko na fagio za chelewa. Tatizo ni kwamba mchezo ukiingizwa katika alama huwa kazi ya nyumbani, na kazi ya nyumbani huwa ya mzazi. Saa nne za usiku baba anakunja waya huku mwenye gari amelala, ama mama anamtafuta fundi wa kulipwa. Kinachopelekwa kwa mwalimu asubuhi ni kizuri mno, kimenyooka, na mtoto hana neno la kusema juu yake kwa sababu hakuwapo kilipoundwa.

Ningependa walimu walijaribu jambo hili kwa njia nyingine. Vifaa viletwe shuleni na vibaki shuleni. Watoto wagawanywe makundi, wakubwa na wadogo pamoja, wasichana na wavulana pamoja, wapewe mchana mmoja, na kitakachoundwa kisipewe alama hata kikiwa kibovu; hasa kikiwa kibovu, maana ndipo maneno yatakapotoka. Mwalimu wa Kiswahili akae kando na daftari lake, aandike wanavyosemezana. Atapata humo mifano ya sarufi kuliko katika kitabu chochote cha mazoezi. Na wenye mamlaka juu ya viwanja vilivyosalia wazungumze na wazee wa mtaa kuhusu malango, kwa sababu si shule moja ambayo uwanja wake hufungwa kwa kufuli Jumamosi na likizo nzima huku watoto wakicheza barabarani.

Kwa wanafunzi wa sekondari na wa vyuo nina kazi isiyohitaji pesa wala kibali. Waende kwa wazazi na nyanya zao, Kongowea, Likoni, Changamwe au kwingineko, wawaulize walichezea nini na kila sehemu ya kitu hicho iliitwaje: uzi wa pia, mkia wa tiara, shimo la gololi, yule aliyekuwa zamu, yule aliyetolewa. Waulize wanawake kwanza, kwa kuwa wao ndio hawajaulizwa. Mwanafunzi akirudi na majina matatu ya kitu kimoja, mwalimu asimwulize lipi ndilo sanifu. Amwulize nani alilitumia, mtaa gani, na miaka ipi.